Wazazi Waitwapo Shuleni kwa Shauri la Mtoto

Barua itokayo shuleni haipokewi kwa furaha vijijini. Mama akimwona mtoto analeta karatasi iliyokunjwa, hukisia mara moja: ama ni mchango wa madawati, ama ni ugomvi, ama kioo kimevunjwa. Lakini iko barua ya namna nyingine, nayo ndiyo twataka kusema habari zake mwezi huu. Ni barua ya kuwaita baba na mama waje wakae pamoja na mwalimu mkuu, na mwalimu wa darasa, na mwalimu aliyesomea elimu maalumu, na pengine mhudumu wa afya, ili wafanye shauri la mtoto mmoja tu: mtoto asiyesikia vema, au asiyeona vema, au ambaye viungo vyake havimtii, au ambaye neno huingia akilini mwake polepole. Katika kikao hicho huandikwa mpango wa mafunzo wa mtoto yule peke yake: atafundishwa nini, kwa njia gani, na nani, na kwa muda gani.

Sisi tumekaa katika vikao vingi vya namna hiyo, maana ndiyo kazi tuliyosomeshwa. Na jambo tuliloliona mara nyingi ni hili: wazazi huingia wakiwa kimya, huketi kando karibu na mlango, huitikia "Ndiyo, mwalimu" kwa kila neno, hutia sahihi au dole gumba, kisha huenda zao. Katika watu wote waliomo chumbani wao ndio wamjuao mtoto kuliko wote, nao ndio wasiosema. Twaona hasara hiyo ni kubwa mno.

Kazi ya kuwafundisha watoto hawa si ngeni kwetu Wakristo. Katika nchi yetu makanisa yalikuwa mbele katika kuianzisha. Shule ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950 kwa ajili ya watoto wasioona. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora. Walutheri nao wana shule yao ya wasioona Irente, karibu na Lushoto, tangu miaka ile ile ya 1960. Siku zile shauri la mzazi lilikuwa moja tu, kumpeleka mtoto au kutompeleka. Akiisha kumpeleka, alirudi kijijini kungoja likizo.

Mambo yamegeuka. Marekani ilitunga sheria mwaka 1975 kwamba kila mtoto mwenye ulemavu aandikiwe mpango wake mwenyewe, na wazazi wake waitwe katika kuuandika, tena mpango huo utazamwe upya angalau mara moja kila mwaka. Fikira hiyo imeenea katika nchi nyingi. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipatana juu ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Tanzania ikauthibitisha mwaka 2009. Mwaka uliofuata, yaani 2010, ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, nayo yasema kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma kama wenziwe, na kupewa msaada umfaao hapo shuleni. Twayaandika haya ili mzazi ajue kwamba haendi kuomba sadaka. Ni kweli kwamba shule nyingi hazina bado mwalimu wa elimu maalumu hata mmoja, na kikao penginepo ni watu watatu na benchi chini ya mwembe. Hata hivyo ni kikao, na lisemwalo pale litamwandama mtoto miaka mingi.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, mna habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wasomaji walijua vema lile swali la wanafunzi, kama ni dhambi yake au ya wazazi wake, na jinsi Bwana alivyolikataa. Lakini ni wachache wawakumbukao wazazi wenyewe. Nao waliitwa mbele ya wakubwa wakaulizwa habari za mwana wao, wakajibu machache, kisha wakamwachia mwana mzigo wote wa kusema, kwa kuwa waliogopa kutengwa na sinagogi. Hatuwalaumu. Ila kila tumwonapo mzazi akipapasa kofia yake mbele ya meza ya mwalimu mkuu, twawakumbuka watu wale wawili. Na swali lile la wanafunzi halijafa huku kwetu. Lasemwa kisimani, lasemwa na mawifi, pengine lasemwa hata na wazee wa kanisa kwa sauti ya chini: walifanya nini watu hawa hata wakapata mtoto wa namna hii? Mzazi aliyelisikia swali hilo miaka minane huja shuleni akidhani anakwenda kuhukumiwa, na mtu anayengoja hukumu hana nafasi ya kufikiri.

Sasa twaeleza habari za mama mmoja, pasipo kutaja jina lake wala kijiji chake, naye ameturuhusu. Binti yake alikuwa na miaka tisa, naye alikuwa akirudia darasa la pili. Walimu wake walimwona mzito wa akili, tena mkaidi. Darasa likiambiwa lifungue vitabu, yeye aliwatazama kwanza wenziwe ndipo akafungua. Akitamkiwa maneno ayaandike, aliandika "aba" mahali pa "saba", na "imba" mahali pa "simba". Barua ilipokuja nyumbani, palikuwa pamekwisha kunuiwa kwamba mtoto huyu ahamishiwe kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili katika shule nyingine, mwendo wa saa mbili kwa basi. Barua haikusema hivyo, lakini mambo ya shule hayafichiki kijijini.

Mama yule alitujia siku kumi na tatu kabla ya kikao. Alitujua kwa kutuona kanisani tu. Akasema, "Mwalimu, mwanangu si mjinga, ila sijui kulisema neno hilo mbele ya walimu." Tukamwuliza ajuaje kwamba si mjinga. Akanyamaza kitambo, kisha akajibu, "Nikimtuma dukani, huja na chenji kamili."

Jawabu hilo lilitufurahisha sana. Neno "si mjinga" mwalimu aweza kulibisha, na mzazi akalirudia, na mwalimu akalibisha tena, mpaka jua likachwa. Lakini neno "huja na chenji kamili" halibishiwi, hupimwa. Basi tukampa daftari la kurasa thelathini na mbili, tukamwomba aandike kila jioni mambo aliyoyaona kwa macho yake siku ile, pasipo kutia hukumu yoyote. Asiandike kwamba mtoto alikuwa na kiburi. Aandike alilolitenda, na mahali, na ni nani aliyekuwapo. Asiandike mabaya tu, wala mazuri tu. Mama huyu aliishia darasa la saba, na mkono wake ni mzito katika kuandika. Siku nyingine kijana wake mkubwa ndiye aliyemwandikia. Mzazi asiyejua kuandika kabisa aweza kufanya vivyo hivyo kwa mkono wa jirani.

Baada ya siku kumi na mbili alituletea daftari. Jumatatu: alihesabu mayai akayapanga sita sita, hakuambiwa na mtu. Jumanne: nilimwita mara tatu kutoka jikoni hakugeuka; babu yake alimwita mara moja kutoka uani, akaenda. Alhamisi: mvua ilinyesha juu ya bati, na muda wote wa mvua hakumjibu mtu. Jumapili: kanisani aliimba, sauti yake ilipanda na kushuka sawa na wengine, lakini maneno yake hayakuwa yale yaliyoimbwa. Tena Jumatatu: taa ilizimika wakati wa chakula, akaacha kuzungumza mpaka ilipowashwa.

Habari za babu zilirudi mara nne katika kurasa zile. Pale nyumbani zilikuwa na maelezo yake siku nyingi: kwamba mtoto anamdharau mama yake na kumheshimu babu. Mama alikwisha kumchapa kwa jambo hilo zaidi ya mara moja. Lakini babu yule ni mzee mwenye sauti nene, naye mama ana sauti nyembamba kama sauti za wanawake wengi. Na mtu asomaye daftari lile kwa utaratibu, akaweka babu upande mmoja na mama upande mmoja, kisha akatia mvua na taa, haoni mtoto mkaidi hata kidogo.

Yafaa tueleze neno hili kwa urefu, kwa kuwa watu wengi hawalijui, hata walimu. Sikio si kama mlango, ambao ama umefunguliwa ama umefungwa. Wako watoto wazisikiao sauti nene wasizisikie zilizo nyembamba. Mtoto wa namna hii husikia ngoma na ngurumo na lori lipandalo mlima. Irabu, yaani a, e, i, o, u, zamfikia. Lakini herufi kama s na f na t na k, sauti yake ni nyembamba tena hafifu, nazo humpotea njiani. Ndiyo maana simba aligeuka akawa imba. Kadhalika mtoto huyu hutazama midomo ya watu bila kujua kwamba anaitazama, na taa ikizimika, nusu ya masikio yake imezimika nayo. Watu humpima kwa kupiga makofi nyuma yake, akigeuka, husema, "Anasikia huyu, ni jeuri tu." Nao hawajui kwamba makofi hutupa kivuli na kusukuma hewa, na mtoto mwerevu huyatambua kwa pembe ya jicho. Kwa maoni yetu, mtoto asikiaye nusu yuko katika hatari ya kupigwa bure kuliko kiziwi kamili, maana kiziwi watu humjua upesi, lakini huyu kila siku huwapa sababu mpya ya kudhani kwamba anachagua la kusikia.

Mambo yaharibuyo masikio ya watoto ni mengi: usaha usiotibiwa, surua, matubwitubwi, homa ya uti wa mgongo, na dawa nyingine kali zitolewazo kwa sindano. Shirika la Afya Duniani lanena kwamba katika watoto 100 wenye upungufu wa kusikia, wapata 60 walipatwa na sababu ambazo zingeweza kuzuiliwa. Sikio litoalo usaha lipelekwe zahanati. Lisitiwe mafuta wala maji ya majani.

Tulimwuliza mama kama mtoto aliwahi kuugua sana. Akasema ndiyo, alipokuwa na miaka mitatu alilazwa wiki tatu. Akaenda nyumbani, akarudi na mfuko wa nailoni uliokuwa chini ya godoro pamoja na hati ya shamba, na ndani yake mna karatasi ya hospitali: homa ya uti wa mgongo. Karatasi ile ilikuwa imelala pale miaka sita. Hakuna aliyeiulizia shuleni, na mama hakudhani kwamba ugonjwa uliokwisha pona una kazi na masomo. Kwa hiyo twawasihi wazazi, mwitwapo, chukueni kila karatasi ya mtoto: kadi ya kliniki, vyeti vya hospitali, hata madaftari ya zamani yaliyoliwa pembe na panya. Msijichagulie ninyi lililo na maana na lisilo na maana. Pelekeni vyote, wale walioko kikaoni watachagua.

Lipo jambo jingine ambalo ni gumu kuliko karatasi, nalo ni mapatano ya baba na mama. Tumeona vikao vilivyoharibika kwa sababu mume alisikia shauri la mke wake mara ya kwanza mbele ya walimu, akaona ameaibishwa, akalipinga ingawa moyoni alilikubali. Yafaa wazungumze usiku wa kabla, watoto wakiisha kulala, na wapatane ni nani atakayesema lipi. Wasipopatana, na wapatane angalau kwamba watasema kuwa hawajapatana. Baba wa binti huyu alitaka apelekwe shule ya bweni ya viziwi. Mama hakutaka mtoto aondoke. Baba hakuwa mkatili. Alisema, "Huku anachekwa kila siku. Kule wote ni kama yeye." Neno hili si la kudharauliwa, nasi tutalirudia.

Tukawashauri pia wamchukue babu. Baba alisita, kwa kuwa mzee akiwapo, mkwe wake hawezi kusema kwa uhuru. Lakini mzee mwenyewe, alipoelezwa kwamba sauti yake ndiyo ushahidi, alikubali kwa fahari, akaja shuleni na koti lake la Krismasi, akaketi kiti cha mbele kabla hajakaribishwa.

Mwalimu mkuu alianza kwa kusoma alama za mtoto. Katika kuhesabu hazikuwa mbaya. Katika kusoma na imla zilikuwa za kusikitisha. Kisha akauliza kama wazazi wana neno. Mama alisimama, miguu yatetemeka. Tulikuwa tumemwambia kwamba hana haja ya kutoa hotuba. Afungue daftari asome. Akasoma siku zote kumi na mbili, polepole, akirudi nyuma mahali alipokosea. Hapana aliyemkatiza. Alipofika kwenye mayai, mwalimu wa darasa aliinua kichwa, na alipofika kwenye taa, akaanza kuandika.

Mwalimu wa elimu maalumu akamketisha mtoto aelekee dirishani, akamwomba mama amwite kutoka nyuma kwa sauti ya kawaida. Mtoto akaendelea kutazama nje. Akaombwa babu. Mzee alitamka jina lake mara moja, naye akageuka, akainuka, akamletea fimbo yake iliyokuwa imeegemea ukuta, kwa kuwa alidhani mzee anataka kwenda. Huu si upimaji wa kiganga, wala hautoshi kuandikwa katika cheti. Ulitosha kwa jambo moja: habari ya kumhamishia kitengo kile iliwekwa kando, ikaamriwa kwamba mtoto apimwe masikio kwanza hospitalini.

Lakini kupimwa huchukua muda, na mtoto yuko darasani kesho asubuhi. Ndipo ukaandikwa mpango wa kungojea. Hapa mama alitumia maswali matatu tuliyomfundisha, nayo ni mafupi: nani atakayelifanya, ataanza lini, nasi tutajuaje kwamba limefanyika? Kila neno lililotajwa aliliuliza hayo. Mwalimu wa darasa, mwenye watoto 84, akasema kwa unyofu kwamba hawezi yote, na mambo mawili yakafutwa. Sisi tuliliona hilo kuwa jema. Tumepata kusoma mipango ya kurasa sita iliyoandikwa kwa lugha nzuri, ambayo haikumfikia mtoto hata siku moja. Katika mpango huu yakabaki haya: mtoto akae mbele, sikio lake la kushoto likielekea kwa mwalimu, maana ndilo lililoonekana kuwa afadhali, mwalimu asiseme huku amelielekea ubao, bali amalize kuandika ndipo ageuke, maneno ya imla yaandikwe kwanza kwenye vipande vya karatasi, ayaone kabla ya kuyasikia, asichapwe kwa kutoitika. Kila neno likaandikiwa mtu wake na tarehe yake.

Tena lugha ya kikao. Walimu tuna maneno yetu, nasi twayatupa mezani kama vile kila mtu ameyasomea: upimaji, ubainishaji, elimu jumuishi, afua. Mzazi asiyelielewa neno na aulize palepale. Anayeona haya na aseme, "Mwalimu, hebu niambie jambo hilo kama utakavyomwambia bibi yangu." Na karatasi ya mwisho isitiwe sahihi wala dole mpaka isomwe yote kwa sauti, na mzazi apewe nakala yake. Mwalimu mwema hachukizwi na jambo hili.

Sasa habari ya bweni. Katika kikao baba alisema alilokusudia, nasi twamsifu kwa kulisema. Mtoto ambaye hasikii kabisa, akiwekwa katika darasa la wasikiao ambalo hakuna mtu ajuaye Lugha ya Alama, ameketi kati ya kuta tu, hata kama kuta hizo zinamcheka kwa upole. Lugha ya Alama ni lugha kamili, ina utaratibu wake, na mtoto aipataye mapema hupata nayo kufikiri, na kusali, na kubishana na wenziwe. Wala sheria yetu haikatazi shule za namna hiyo kwa wanaohitaji njia nyingine ya kuzungumza. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kukaa nyumbani ni bora siku zote. Lakini kwa mtoto asikiaye nusu, shauri laweza kuwa jingine. Shimesikio, yaani chombo kidogo kinachowekwa sikioni kukuza sauti, chaweza kumrudishia sehemu ya alichopoteza. Nacho kina masharti yake: betri hufa, jasho na vumbi vyakiharibu, na kile kipande kiingiacho ndani ya sikio hapana budi kufanywa upya mtoto anapokua, kwa maana sikio nalo lakua. Mzazi na aulize kabla ya kukipokea: betri zinanunuliwa wapi, kwa bei gani, na kikiharibika nakipeleka kwa nani? Tumeona vyombo vya thamani vikikaa kabatini kwa kukosa betri moja.

Hospitali ya mkoa ilimpima baada ya miezi miwili. Masikio yote mawili yameharibika, la kulia zaidi. Amepata chombo kwa sikio la kushoto, na baba huwaagiza watu waendao mjini wamletee betri. Binti sasa huandika simba kwa ukamilifu wake. Darasa likipiga kelele, bado hupotewa na maneno, na mvua ikipiga bati hapana mafunzo kwake saa ile. Baba angali akifikiri habari za shule ya bweni atakapofika darasa la tano, na mama angali akikataa. Nao watalileta neno hilo katika kikao kijacho, kwa kuwa limeandikwa katika karatasi kwamba halijakwisha.

Tumesahau mtu mmoja, na aghalabu vikao humsahau. Katika Injili ya Luka, Zakaria alipokuwa bubu, ndugu na majirani walikwisha kumchagulia mwanawe jina. Mwisho ndipo walipomwashiria yeye mwenyewe, naye akataka kibao akaandika, na jina lake halikuwa lile walilolitaka wao. Basi yule binti aliulizwa, kwa uso kuelekezwa kwake na kwa maneno ya taratibu, kama ana neno juu ya mpango. Akasema hataki kukaa mbele peke yake, kwa kuwa mbele ndipo wanapowekwa watoto watukutu, na watu watadhani ameadhibiwa. Wakubwa saba walikuwa wamelizungumza dawati lile robo saa, na hapana aliyelifikiri hilo. Ikaandikwa kwamba rafiki yake, ambaye hukaa naye siku zote, ahamie mbele pamoja naye.

Na kama barua haiji? Wako wazazi ambao mtoto wao yu darasa la nne naye hajui kusoma, na shule haijawaita. Hao wasingoje. Waandike wao kwa mwalimu mkuu, maneno machache tu: jina la mtoto, darasa lake, mambo matatu waliyoyaona nyumbani kwa macho yao, na ombi la kukaa pamoja kwa siku watakayopewa. Majuma matatu yakipita pasipo jibu, wamwendee Afisa Elimu Kata, wamwulize pia mahali kilipo kituo cha kupimia watoto kilicho karibu. Barua hiyo na itiwe tarehe, na nakala yake ibaki nyumbani.